Kifua cha Kiirua: Nani Hulipia Maneno ya Tisheti?

Waru, yaani viazi, huchimbwa mapema Kiirua, Meru, umande ungali kwenye majani, na baridi ya Mlima Kenya haimruhusu mtu kuonyesha kifua saa hizo. Wachimbaji huja na makoti mawili mawili. Saa nne jua likishika, la kwanza linavuliwa. Kufikia saa tano la pili limetundikwa kwenye ua, na hapo ndipo msomaji kama mimi anapopata gazeti lake. Msimu uliopita nilisimama kando ya shamba moja nikasoma vifua vinne. Kijana wa kwanza alikuwa na tisheti ya kampeni za 2022, uso wa mheshimiwa umepauka hadi yamebaki meno. Wa pili alivaa kumbukumbu ya mkutano wa ukoo fulani wa Ohio, majina ya wajukuu yamepangwa mgongoni kama kikosi cha mpira. Mama aliyekuwa akijaza magunia alikuwa na picha ya mzee mmoja mtulivu, na chini yake miaka miwili, wa kuzaliwa na wa kufa. Wa nne alivaa tisheti nyeusi isiyo na chochote, nami nikamhesabu kama mtu aliyesusia kura.

Maneno na picha zote zilizokuwa pale shambani zililipiwa na mtu mwingine: mwanasiasa, ukoo wa Marekani, familia iliyofiwa. Hata yule wa Ohio, aliyetoa pesa zake mwenyewe sokoni, alinunua nguo. Maneno yalikuja bure kama vifungo. Ndiyo maana nikisikia watu wakisema kwamba vijana wetu hawana ubunifu wa kuchora tisheti za kipekee, huona wameanzia mlango wa nyuma. Wachoraji wapo. Kinachostahili kuchunguzwa ni mfuko: lini mtu wa Kiirua atatoa pesa zake kwa ajili ya utani ulioandikwa kifuani, na si kwa ajili ya pamba inayoubeba?

Nje ya hapa swali hilo lilijibiwa kwa namna fulani mwaka 2000, pale Jake Nickell na Jacob DeHart walipoanzisha Threadless huko Chicago. Mpango wao ulikuwa rahisi: mtu yeyote anatuma mchoro, wanunuzi wanaupigia kura, unaoshinda unachapwa, mchoraji analipwa. Kiwanda hakikuwa tena na haja ya kubahatisha ladha ya watu, kwa kuwa wateja walikwisha kujitaja kabla ya wino kumwagwa. Baadaye zikaja huduma zinazochapa tisheti moja moja kadiri oda inavyoingia, na msanii akaweza kuuza mzaha wake wa ajabu kwa watu mia tatu waliotawanyika duniani, ambao kila mmoja alidhani yuko peke yake. Mpango wote huo umesimama juu ya kadi ya benki, posta inayofika mlangoni, na mteja anayekubali kungoja siku kumi. Kiirua ina M-Pesa na ina matatu. Mlango, kwa maana ya anwani, haina, na mteja anataka kuishika nguo kwanza aivute mkono aone kama inanyooka.

Lakini kabla hatujaenda Chicago kutafuta asili ya nguo inayosema, tungeanza Mombasa. Leso ilikuwa ikisema miaka mingi kabla tisheti haijatoka chini ya shati. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza mwaka 1887, na alama yake ya "Mali ya Abdulla" ingali inaonekana kwenye pindo za leso hadi leo. Wengi humtaja mwenye duka huyo kuwa ndiye aliyezoesha watu kuandika jina, yaani msemo wa Kiswahili, chini ya mji wa leso, ile sehemu yake ya katikati. Angalia jinsi biashara hiyo ilivyofanya kazi. Mchoro unaweza kuwa ule ule, korosho au maua au mistari, lakini jina likibadilika leso inakuwa nyingine. Mwanamke hanunui kitambaa tu. Ananunua jambo analotaka jirani yake alisome bila yeye kufungua mdomo. Anauliza dukani, "Hii inasemaje?" kabla ya kuuliza bei.

Hicho ndicho tisheti ya mtengenezaji mdogo inachotafuta, na ndicho ambacho tisheti ya mtumba haina. Mtumba unasema, ila hausemi na mtu. Huko Marekani, kabla ya fainali kubwa ya mpira wa wachezaji wenye helmeti, huchapwa tisheti za ubingwa za timu zote mbili ili ziuzwe filimbi ya mwisho ikilia. Za timu iliyoshindwa haziuzwi kwao. Kwa miaka mingi zilikabidhiwa shirika la World Vision zikagawiwe katika nchi maskini. Kwa hiyo yako maeneo ya dunia ambako watu wamevaa ushindi ambao haukutokea. Nacheka kila nikilikumbuka jambo hilo, kisha naacha kucheka.

Si kwamba mtumba ni adui. Soko la Gakoromone mjini Meru huvisha familia nyingi kuliko duka lolote jipya, na mwenye jicho anayewahi belo linapokatwa hupata "kamera", ile bidhaa inayong'aa kama mpya, kabla ya mafungu kushuka bei siku nzima hadi yafike "fagia". Serikali za Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka 2016 kuupunguza mtumba hadi uishe kufikia 2019. Marekani ilipotishia kuziondolea nafasi ya kuuza nguo kwake bila ushuru, Kenya ilirudi nyuma mwaka 2017, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikasimamishiwa nafasi hiyo upande wa nguo mwaka 2018. Ninalotaka kutoa hapo ni moja tu: mchoraji wa tisheti anayengoja mtumba upigwe marufuku ndipo auze, atazeeka akingoja. Inambidi auze kitu ambacho belo haliwezi kuleta.

Kitu hicho, kwa maoni yangu, ni lugha. Belo linaweza kuleta chui, fuvu, gitaa, jina la chuo na jina la bia. Haliwezi kuleta "Muga". Neno hilo la salamu ni herufi nne tu, linakaa vizuri kifuani, na Mmeru aliye Nairobi, Dubai au Boston akiliona kwenye umati atavuka barabara kumsalimu aliyelivaa. Radio ziliyatambua hayo mapema kuliko wachapaji. Royal Media ilipofungua stesheni ya Kimeru iliipa jina la Muuga FM, na ya Embu ikaitwa Wimwaro FM, maana wenye biashara walijua mtu akiitwa kwa lugha yake hugeuka. Upande wa mavazi, Jeffrey Kimathi alifanya jambo la jinsi hiyo kwa nchi nzima alipoanzisha Jamhuri Wear akiwa New York mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nguo zake zilibeba jina la jamhuri yetu na zikafika hadi mgongoni kwa Jay-Z. Wateja wake wa kwanza walikuwa watu walio mbali na nyumbani. Aliye nyumbani hahitaji kukumbushwa alikotoka.

Lugha nayo ina mitego. Kimeru ni Kiimenti, Kitigania, Kiigembe, na ukishuka kusini unakutana na Kimwimbi, Kimuthambi na Kichuka. Neno lililoandikwa kwa namna ya Biblia linaweza kumwudhi anayelisema kwa namna ya bibi yake. Andika "Muga" na mmoja atakuuliza "u" ya pili iko wapi. Nimeona mabishano ya tahajia ya tisheti yakidumu kuliko tisheti yenyewe. Hata hivyo afadhali mabishano hayo kuliko ule uvivu ulioenea kila mji: neno la kupenda, moyo mwekundu, na jina la mahali. Milton Glaser aliuchora moyo ule mwaka 1976 kwa ajili ya New York na ulikuwa mpya kweli kweli. Leo kila kituo cha mabasi duniani kina nakala yake, na anayeweka "Meru" pale palipokuwa na "NY" hajachora kitu, amejaza fomu.

Sasa tuingie jikoni, kwa sababu jibu kubwa limo kwenye mashine.

Kwa miongo mingi tisheti ya Kenya ilichapwa kwa skrini. Ufundi huo si mgeni: Maridadi Fabrics ya Pumwani, Nairobi, ilianzishwa mwaka 1966 kama mradi wa kanisa na ikafundisha wanawake kuchapa vitambaa kwa fremu na wino. Fremu ya mbao hukazwa wavu mwembamba, wavu hupakwa dawa inayogandishwa na mwanga, mchoro unabaki kama dirisha, kisha wino unakokotwa kwa mpira hadi upenye dirisha hilo. Rangi moja, fremu moja. Rangi nne, fremu nne, na kila moja ilingane na mwenzake bila kupishana hata unene wa kucha. Kazi ngumu yote iko mwanzoni. Tuseme kuandaa fremu moja ni shilingi 1,500: ukichapa tisheti mia, kila moja imebeba shilingi 15, ukichapa moja, imebeba zote 1,500. Kwa hiyo skrini haikupenda watu binafsi. Ilipenda umati: chama cha siasa, shule, benki, mbio. Mbio za Lewa, zilizoanza mwaka 2000 huku huku Buuri tuliko, huacha tisheti zake zikizurura vijijini mwaka mzima. Ukiona mtu anafukuza mbuzi akiwa amevaa mbio, haina maana kwamba alikimbia.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoamua nani aseme kifuani, na wala haikuwa njama ya mtu. Mwenye mia alisema, mwenye mmoja akanyamaza.

Iliyovunja hesabu ni njia ambayo vijana huiita kwa herufi tatu, DTF. Mchoro huchapwa kwenye filamu ya plastiki kwa printa. Rangi hutangulia na wino mweupe hufuata juu yake, ili baadaye mweupe uwe chini na rangi zionekane hata kwenye tisheti nyeusi. Wino ungali mbichi, hunyunyiziwa unga wa gundi unaoyeyushwa kwa joto. Hapo filamu iko tayari, na unaweza kuiviringisha ukaiweka mfukoni. Siku ya kazi inalazwa juu ya tisheti, presi inashushwa kwa joto la nyuzi 150 hivi, sekunde kumi na tano, inainuliwa, plastiki inabanduliwa taratibu kuanzia kona, na mchoro umebaki kwenye nguo. Rangi kumi zina bei ya rangi moja. Tisheti moja ina kazi ile ile ya tisheti ya mia.

Wengi husifu rangi. Mimi naona makubwa yamo kwenye ule mfuko. Filamu inasafiri. Mchoraji anaweza kuwa bwenini katika Chuo Kikuu cha Meru pale Nchiru, printa iwe mjini, na presi iwe Kiirua kwenye chumba kilichogawanywa kwa pazia na kinyozi. Mchoro unakwenda kwa WhatsApp, pesa kwa M-Pesa, filamu inarudi kwa matatu ikiwa imebanwa ndani ya daftari isikunjike. Fundi wa kijijini hana haja ya kununua printa wala kuihangaikia wino mweupe usigande kwenye mabomba. Anahitaji presi moja na stima isiyopotea, ingawa hilo la stima tuliache kwa leo.

Kasoro zipo na wauzaji hawazitaji. Mchoro mkubwa wa DTF hukaa kifuani kama bamba. Ukitoka jasho unalihisi. Ukiupiga pasi juu kwa juu unanata. Wino wa skrini uliochapwa vizuri huzeeka pamoja na nguo, ilhali filamu mbovu hupasuka ghafla kama rangi ya ukuta. Ipo njia nyingine ya joto ambapo wino hugeuka mvuke na kuingia ndani ya uzi, laini kabisa mkononi, lakini huo hukubali poliesta ya rangi nyeupe au nyepesi tu. Mtu akikuuzia picha ya namna hiyo kwenye tisheti ya pamba, mfuo wa kwanza utakueleza ukweli.

Basi, mashine ikiwa imelegeza sharti la umati, je, Kiirua imeanza kujisemea? Kidogo, na mahali ambapo wengi hawatazami. Wakosoaji hutafuta ubunifu katika chapa zenye majina, wanakuta Nairobi tu. Mimi naukuta kwenye oda za vikundi vidogo. Darasa la kidato cha nne linaloondoka huagiza tisheti zenye majina ya utani mgongoni, na kila jina ni hadithi ambayo mwalimu hakuambiwa. Wanabodaboda wa steji moja hujichorea nembo ambayo ingemtoa jasho msanii wa kulipwa. Chama cha akina mama kinaweka picha ya sufuria. Na misiba, ambayo zamani ilitosheka na utepe, sasa ina picha ya marehemu akicheka, iliyochaguliwa kwa ubishi mkubwa na watoto wake, kwa kuwa ya kitambulisho ilimfanya aonekane mshukiwa. Zile tisheti za msiba ndizo ninazoziona za asili kuliko zote. Hazifanani na za mtu yeyote duniani, zimechapwa labda arobaini, na zitachimba waru hadi zitoboke.

Unaloweza kuniambia ni kwamba hizo ni oda, hazina uhuru wa msanii. Ni kweli. Lakini leso nayo ilikuwa biashara tangu siku ya kwanza. Ninachokihofia zaidi ya oda ni wizi. Mchoro ukiwekwa mtandaoni asubuhi, jioni uko kwenye presi ya mtu mwingine. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamlinda mchoraji, na ofisi ya KECOBO ipo ya kusajili kazi, ila kumpeleka mahakamani mtu aliyechapa tisheti sita ni kuuza ng'ombe ili ununue kamba. Tena wachoraji wetu si malaika: wengi wao waliokopiwa walianza kwa kukopi nembo za viatu vya Wazungu, na wakilalamika huwa wanainamisha macho kidogo.

Nimeyajaribu haya kwa pesa zangu. Mimi na kijana mmoja anayesomea usanifu wa picha tulikaa jioni tukitafuta kitu ambacho ni cha Kiirua tu. Tukaacha mlima, kila mtu ana mlima. Tukaacha miraa, hiyo ni ya Igembe na ina wenyewe. Mwishowe tukafika kwenye gunia. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50, lakini kila mkulima wa Buuri anaijua lumbesa, lile gunia lililoongezewa shingo ya kamba hadi likawa na kilemba, analouziwa broka kwa bei ya gunia moja. Kijana akachora lumbesa yenye miguu miwili myembamba, inatembea barabarani ikijishika kiuno. Halafu akapata wazo ambalo hadi leo namwonea wivu: badala ya alama za saizi za kawaida kwenye ukosi, ndogo ikaitwa Debe, ya kati Gunia, na kubwa kupita zote Lumbesa.

Tulichapa ishirini na nne. Nilidhani zitaisha kabla ya Jumapili. Marafiki walicheka hadi machozi, wakapiga picha, wakazituma kwenye makundi yao yote, na wakanunua nne. Bei yetu ilikuwa 900; kwenye mtumba tisheti nzuri ni mia na ushee. Mzee mmoja aliitazama sana, akaniuliza kama naijua hasara ya lumbesa, kwa sababu yeye anaijua na hapendi kuivaa. Mwingine akaniambia ukweli ambao ungeniokoa kama ningeuwaza mapema: hapa kwetu ni baridi, kifua huonekana masaa matatu kwa siku. Alitaka jaketi yenye kofia. Tisheti ishirini zikakaa kwenye sanduku chini ya presi, kinyozi wa upande wa pili wa pazia akiziegemezea miguu.

Aliyezikomboa alikuwa broka. Mama mmoja anayenunua waru kwa lori aliingia kumnyolesha mtoto, akaiona lumbesa inatembea, akacheka kicheko cha mtu anayejijua. Akazigeuza moja moja akitazama mgongoni.

"Kijana wangu, huku nyuma kumebaki wazi."

"Tuliacha hivyo, mama. Mchoro uko mbele."

"Niwekee namba yangu ya simu hapo, kubwa isomeke nikiwa kwa lori. Nachukua zote. Na uniongezee kumi za Lumbesa, vijana wangu wa kubeba ni wanene."

Kijana alinitazama. Nilidhani atakataa; nilikuwa nimemsikia mara nyingi akisema kazi yake haitakuwa tangazo la mtu. Akatoa simu, akaomba namba irudiwe polepole, akaiandika. Filamu za namba zilifika kesho yake kwa matatu ya saa nane, na kufikia jioni zote zilikuwa zimepigwa. Broka aliwagawia wachimbaji wake bure. Msimu huu wanachimba upande wa Naari, na ukipita saa tano, makoti yakishavuliwa, utaiona lumbesa inatembea mstari mzima wa shamba, na kila mmoja aliyeivaa anaijaza nyingine.